Kurudi kwenye vita vya mezani: jeshi kubwa, kikosi kidogo, kanuni za bure au historia?

Boksi langu lilikaa darini miaka minane. Nililipandisha mwaka aliozaliwa binti yangu wa kwanza, nikijiambia ni kwa miezi michache tu, hadi mtoto aanze kulala usiku. Akaja wa pili, zikaja shifti za usiku, tukahama nyumba mara mbili hapa Uingereza, na boksi likahama nasi bila kufunguliwa. Siku niliyolishusha nilikuta Space Marines wangu kama sitini, visanamu vya askari wa anga za juu, wengine mikono imebanduka, chupa za rangi zimekauka kama udongo wa mfinyanzi, na kile kiduara cha plastiki tulichokuwa tukipimia mlipuko wa bomu. Nikakibeba hadi klabuni kwa fahari. Kijana niliyepangiwa kucheza naye alikigeuza mkononi, akaniuliza ni cha nini.

Hakikuwa na kazi tena. Warhammer 40,000, mchezo wangu wa vita vya visanamu, ilivifuta viduara hivyo kwenye toleo lake la 8, mwaka 2017, mimi nikiwa nabadilisha nepi. Ndipo nilipotambua kwamba mchezo niliouacha haukunisubiri, na kwamba nilichodhani ni kurudi kilikuwa kuchagua upya.

Kwa hiyo hapa naweka michezo 4 ya visanamu pamoja. Wa kwanza ni Warhammer 40,000 yenyewe, jeshi kubwa la siku za usoni za kubuni, ulioanza mwaka 1987 na ambao toleo lake la 10 lilitoka mwaka 2023. Wa pili ni Kill Team, mdogo wake wa kampuni ile ile ya Games Workshop ya Nottingham, wenye askari wachache kila upande. Wa tatu ni Grimdark Future wa One Page Rules, ambao kanuni zake unapakua bure na kutumia visanamu vyovyote ulivyonavyo. Wa nne ni Bolt Action wa Warlord Games, nao pia wa Nottingham, unaohusu Vita Kuu ya Pili. Yote minne nimeicheza tangu nirudi, mingine mara nyingi kuliko mingine.

Vipimo

Zamani nilichagua mchezo kwa macho: visanamu vikipendeza, nanunua. Sasa naangalia kwanza ni kitu gani kimepungua nyumbani. Nitaipima michezo yote kwa mambo matano. Mchezo mmoja unakula saa ngapi? Unataka meza ya ukubwa gani? Kanuni zake ni nzito kiasi gani, na zinabadilika kwa kasi gani? Visanamu vyako vya zamani vitapokelewa, au utafungua pochi upya? Na mpinzani utampata wapi? Uzuri wa hadithi sikuuweka. Huo kila mtu ana wake, na hakuna wa kukushauri.

Muda

Saizi inayochezwa sana klabuni na kwenye mashindano ya Warhammer 40,000 ni pointi 2,000 (kila kikosi kina bei yake ya pointi, na jumla yake ndiyo ukubwa wa jeshi), na kitabu chenyewe kinaikadiria saa 3. Aliyerudi juzi aongeze saa nzima ya kupekua kurasa. Ukiweka na safari, kupanga majengo mezani, kisha kufunga kila kitu bila kuvunja mikuki, Jumamosi imekwisha. Ipo namna ndogo iitwayo Combat Patrol, ambapo kila mtu analeta kikosi cha boksi moja kilichopangwa tayari. Hiyo mimi huimaliza ndani ya saa mbili.

Kill Team ina raundi 4 tu. Kwangu ni saa moja na nusu, watoto wakiwa wamelala. Grimdark Future kwa jeshi la kawaida imenichukua kama saa mbili, na ina ndugu yake wa kikosi kidogo, Firefight, anayeisha mapema zaidi. Bolt Action ya pointi 1,000 ni saa mbili na nusu hivi, kutegemea wachezaji wanapiga soga kiasi gani, na wa Bolt Action hupiga.

Lakini saa za saatini ni jambo moja, kusubiri ni jingine. Kwenye Warhammer 40,000 mpinzani anasogeza jeshi lake lote, anafyatua risasi na lote, anavamia na lote, ndipo zamu ije kwako. Ni kama kukaa mbele ya fundi wa bao ambaye kete zake zinazunguka shimo hadi shimo na hazilali, na wewe umeshika tama. Kuna wanaopenda hivyo, kwa sababu zamu yako ikifika ni pigo kubwa lililopangwa, na kuliona likitimia kuna raha yake. Michezo mingine mitatu ni ya kupokezana: unachezesha askari mmoja au kikosi kimoja, mwenzako naye kimoja, kama drafti. Bolt Action imetia hapo bahati nasibu. Kila kikosi kina dadu yake ya amri, dadu za pande zote mbili zinachanganywa mfukoni, na inayotoka ndiyo inayosema nani anacheza. Unaweza kutoa zako tatu mfululizo ukawashambulia watu wa watu, unaweza pia kukaa unatazama mfuko kama anayesubiri matokeo ya mtihani. Kwa mtu aliyetoka shifti ya usiku, kupokezana kunasaidia. Mimi nikisubiri nusu saa nasinzia, na nimewahi kusinzia kweli.

Meza

Hapa hakuna maneno mengi, chukua futi ya fundi upime. Pointi 2,000 za Warhammer 40,000 zinataka inchi 44 kwa 60, yaani sentimita 112 kwa 152. Combat Patrol ni nusu ya hapo, inchi 44 kwa 30. Kill Team ni nusu tena, inchi 22 kwa 30, inatosha kwenye meza ndogo ya sebuleni na kikombe cha chai kikapata pa kukaa. Bolt Action na Grimdark Future hupendelea futi 6 kwa 4, ingawa Grimdark Future ukipunguza meza na jeshi ukalipunguza inakwenda vizuri tu. Wanaoishi fleti wanajua tayari jibu lao linaelekea wapi.

Kanuni

Kanuni za msingi za Warhammer 40,000 si ndefu na zinapatikana bure. Uzito uko kwenye majeshi. Kila kikosi kina ukurasa wake wenye uwezo wa pekee, kila muundo wa jeshi unakuja na mbinu zake, na pointi hurekebishwa mara kadhaa kwa mwaka. Orodha ya jeshi uliyoiandika Januari huenda Julai isikubalike tena. Matoleo nayo yana mwendo wake: 2017, 2020, 2023. Ukiona mwendo huo, usinunue kitabu cha jeshi kwa kudhani utazeeka nacho. Mwenye dakika arobaini za treni kila asubuhi atafurahia yote haya. Kutunga orodha ni nusu ya mchezo, tena nusu isiyohitaji meza. Mwenye kichwa kilichojaa kazi ataona amepewa kazi nyingine.

Kill Team ni kitabu chembamba chenye mambo mazito. Toleo la sasa ni la mwaka 2024, na limerudisha kupima kwa inchi baada ya toleo la 2021 kutumia alama za maumbo zilizotuchanganya wengi. Kanuni za timu unazisoma bure kwenye simu. Ila kila askari ana ujanja wake, na mpinzani naye ana wake, hivyo michezo mitatu ya mwanzo utapigwa na vitu ambavyo hukujua vipo. Baada ya hapo inatulia.

Grimdark Future ni nyepesi kuliko zote. Kikosi kina namba mbili tu, ubora na ulinzi, na dadu moja ya kawaida inajibu karibu kila swali. Nilimfundisha binti yangu wa miaka minane kabla chai haijapoa, akanishinda mchezo wa pili. Wepesi huo una bei yake. Baada ya miezi kadhaa nilianza kuona majeshi yanafanana ladha, pilau la leo na la jana limetoka sufuria moja. Wengine hawalioni hilo kabisa, na wanaocheza mara moja kwa mwezi hawatafika huko.

Bolt Action ilitoka mwaka 2012, nayo imefika toleo la 3, la mwaka 2024. Mmoja wa waandishi wake wawili ni Rick Priestley, ambaye ni miongoni mwa waasisi wa Warhammer, kwa hiyo mkongwe akiisoma anasikia lafudhi anayoijua. Jambo lake kubwa ni woga. Kikosi kikipigwa risasi kinapata alama za kubanwa, kila alama inapunguza ari kwa moja, na kikosi kilichobanwa kinaweza kukataa amri yako kabisa. Hujaua mtu lakini umewalaza chini. Kwangu mimi hii ndiyo kanuni iliyokaa karibu zaidi na hadithi ambazo wazee husimulia. Na tangi la mwaka 1944 halibadiliki umbo kwa sababu kampuni imeamua kutoa jipya.

Visanamu vya zamani, na pesa

Hapa ndipo wengi wetu tunapoumia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Space Marines wa zamani walisimama kwenye vitako vya milimita 25. Wa sasa, wale waitwao Primaris walioingia mwaka 2017, ni warefu zaidi na wana vitako vya milimita 32. Ukiwapanga pamoja, wako wanaonekana kama wadogo zao waliokuja kuwasindikiza. Kwenye mchezo wa kirafiki hakuna atakayekufukuza, na pete za kuongeza upana wa kitako zinauzwa. Tatizo ni vikosi vilivyohamishiwa kundi la Legends: kanuni vinazo, ila havirekebishwi tena kama vingine na mashindano mengi hayavitaki. Angalia kila kikosi chako kabla ya kupanga kurudi kimashindano. Kuanza upya kwa boksi la Combat Patrol ni kama pauni 100 hapa Uingereza, na hapo hujafika pointi 2,000.

Kill Team inakudanganya kidogo. Unadhani mwenye askari sitini hawezi kukosa kumi wa kikosi. Lakini timu nyingi zimejengwa juu ya boksi maalumu, na orodha za jumla za toleo la 2021 zilizokubali askari wa kawaida hazikuvuka kuingia toleo la 2024. Huenda ukanunua boksi. La kufariji ni kwamba boksi moja linatosha, na kupaka rangi askari kumi ni kazi ya wiki mbili za jioni, si ya mwaka.

Grimdark Future haiulizi. Space Marines wako wanaingia kama Battle Brothers, Ork wako kama Orc Marauders, hata wale wa madini waliotengenezwa kabla hujazaliwa. Kuna pia visanamu vya karatasi vya kuchapisha na kukata. Kwa msomaji aliyeko Mombasa au Mwanza, ambaye boksi la plastiki likimfikia limeshalipiwa usafirishaji na ushuru, hiyo ni njia ya kucheza wiki hii, siyo mwaka ujao.

Bolt Action haina msaada na askari wako wa anga za juu. Unaanza sifuri. Ila askari wa Vita Kuu ya Pili hana mwenye hakimiliki, kwa hiyo watengenezaji ni wengi na wanashindana: Warlord wenyewe, Perry, Rubicon kwa magari. Kwa kipimo cha milimita 28 unachanganya wa hapa na wa pale, na jeshi la pointi 1,000 linaweza kuwa masanduku mawili na tangi moja.

Mchezo wowote utakaochagua, usitupe vilivyopakwa vibaya ujanani. Viloweke kwenye Dettol, ile ile ya kahawia uliyoogeshewa ulipokuwa na tetekuwanga. Siku moja inatosha kwa plastiki na madini, na rangi ya akriliki inabanduka kwa mswaki mkuukuu. Vaa glovu, fungua dirisha, na usisuuze kwa maji moja kwa moja kwa sababu rangi inageuka gundi. Suuza kwanza kwa Dettol nyingine, maji baadaye. Vya rezini usiviweke humo. Rangi zilizokauka hadi kuwa jiwe zitupe, zilizo kama uji mzito zijaribu na matone ya maji. Na tangu mwaka 2019 kuna rangi za aina ya Contrast, zinazotiririka zenyewe kwenye mikunjo na kufanya kivuli na mwanga kwa mkono mmoja. Paka nyeusi, pitisha nyeupe kwa brashi kavu, kisha rangi hiyo juu. Askari watano kwa jioni moja, mikono ikiwa imechoka. Ningelikuwa nayo zamani, jeshi langu lisingekaa kijivu miaka sita.

Mpinzani

Warhammer 40,000 haina mshindani hapa. Miji mingi ya Uingereza ina mtu anayeicheza, na ukihamia mji mgeni ndiyo njia rahisi ya kupata marafiki wanaokukubali kwa sababu una dadu. Kill Team inafuata, na kitabu chake cha 2024 kina pia namna ya kucheza peke yako au mkiwa wawili upande mmoja dhidi ya adui anayeendeshwa na kanuni. Grimdark Future ina wachezaji wachache wa kukutana nao ukumbini, lakini mtu wa Warhammer 40,000 utamshawishi kirahisi kwa kuwa jeshi lake linaingia jinsi lilivyo. Nayo ina kanuni za mchezaji mmoja. Usiku ambao kila rafiki amefuta miadi, hilo si jambo dogo.

Bolt Action ina watu wake, wengi wenye mvi, kwenye klabu za kumbi za mtaa. Watakukosoa kuhusu vifungo vya koti la askari wako, kisha watakuletea biskuti. Kwa sisi tunaosema Kiswahili kuna jingine humo. Babu wa mke wangu alikuwa Keya, yaani King's African Rifles, na Keya hawakuishia Uhabeshi. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana Burma mwaka 1944, ikashuka bonde la Kabaw kwenye matope na malaria hadi mto Chindwin. Nilipowapaka rangi askari hao na kuwaweka mezani Uingereza, mzee mmoja aliyecheza miaka thelathini aliniambia hajawahi kuwaona wakiwakilishwa. Tulikaa tukizungumza hadi wahudumu wakaanza kuzima taa, na mchezo hatukuumaliza.

Nani achague upi

Kama marafiki zako wa zamani bado wanacheza Warhammer 40,000, na una Jumamosi moja nzima kwa mwezi, rudi kwao. Anza na Combat Patrol au pointi 1,000, na usinunue kitabu hadi umecheza mara tatu kwa kuazima.

Kama una mtoto mchanga, au fleti, au vyote viwili, Kill Team inakaa kwenye sanduku la viatu na inaisha kabla maziwa ya saa nne hayajadaiwa. Vivyo hivyo kwa anayependa kupaka kuliko kucheza, kwa kuwa kila askari ana sura yake na idadi haikutishi.

Kama pesa ndiyo kikwazo, au una mchanganyiko wa visanamu vya kila zama, au mwenzako wa kucheza ni mwanao, Grimdark Future. Ndiyo ninayompendekezea pia asiye na uhakika kama hamu imerudi kweli au ni mawazo ya ujana tu. Hujapoteza kitu ukiiacha.

Kama ulichoka kufukuzana na matoleo, au ndoto za anga hazikusisimui tena na unasoma zaidi historia siku hizi, Bolt Action itakufaa, ilimradi uwe na klabu karibu na uvumilivu wa kuanza jeshi tangu kisanamu cha kwanza.

Kuna na wale waliobadilika kiasi kwamba hakuna hata mmoja unaowatosha peke yake. Mimi niko humo. Kill Team nacheza na jirani Jumatano zisizo na shifti, Grimdark Future na binti yangu mvua ikinyesha, na Keya wangu wanatoka mara nne kwa mwaka. Jeshi la pointi 2,000 bado liko boksini, ila sasa boksi liko chini ya kitanda, siyo darini.